Karani mpya wa Baraka: kweli au si kweli?

«Staji, yaani mazoezi ya kazi, ni kuangalia wakubwa wanavyofanya kazi.» Si kweli. Kijana aliyemaliza masomo ya Komersiali hapa Baraka au kule Fizi, akipewa kugonga mihuri na kupeleka barua tu, hutoka ofisini vilevile alivyoingia. Apewe kazi moja yenye mwanzo na mwisho, aibebe mwenyewe, kisha aitolee maelezo mbele ya mkuu wake.

Kazi hizo hazikosekani. Kwa mfano, sheria ya familia ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kuandikisha mtoto katika eta-sivili, ofisi ya kuandikisha vizazi. Zikipita, lazima apitie mahakamani kwanza. Wazazi wengi hutunza karatasi ya hospitali wakidhani ndiyo hati ya kuzaliwa, kumbe siyo. Basi mwanastaji na alinganishe, kwa ruhusa na kwa kutunza siri za watu, orodha ya waliozaliwa maternite na daftari la ofisi. Nani hajaandikwa? Amebakiza siku ngapi? Mbona jina la mama huku lina herufi moja zaidi? Nampenda mwalimu anayetoa swali kama hilo kuliko anayeimlisha kurasa kumi za masomo ya ofisi, maana herufi hiyo itamsumbua mtoto hadi siku ya mtihani wa Serikali.

«Bila kompyuta hakuna mazoezi.» Si kweli. Daftari la barua, fardi za kutunzia karatasi na namba za mfuatano vinatosha kuanzia, hata umeme ukikatika.

«Mwanafunzi asiguse kazi halisi, ataiharibu.» Hapa pana ukweli. Daftari la hati ni la kisheria: halifutwi, halichanwi. Aandike kwanza pembeni, mkuu asahihishe. Lakini ukimnyima kabisa, atakosea siku ameshaajiriwa, na hapo hana wa kumsahihisha.

«Kifaransa safi kinatosha.» Si kweli, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Hati huandikwa kwa Kifaransa, lakini mama aliyeshuka kutoka milimani atajieleza kwa Kibembe, mkimbizi wa kambi ya Lusenda kwa Kirundi, wengine kwa Kiswahili. Kwa hiyo staji iwe na siku za kukaa na watu: kuuliza kwa adabu, kurudia tarehe, kutafuta mkalimani inapobidi, na kumsomea mama kila kilichoandikwa, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia sahihi.