Kuomba Kuta, Kuomba Mikono: Safari ya Ombi la Fedha za Afya Kutoka Kijijini

Katika kipindi cha maswali na majibu bungeni Dodoma, kuna swali ambalo msikilizaji wa redio hulitambua kabla mbunge hajalimaliza: ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ya kijiji fulani? Wananchi wamechanga, wamesomba mchanga na mawe, wamepandisha kuta hadi usawa wa lenta, na sasa wanasubiri bati. Jibu nalo hutambulika mapema, kwamba fedha zitatengwa kadiri zitakavyopatikana. Swali hilo ni la haki, na wanaoliuliza wana sababu. Tangu mwaka 2007, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wananchi waliahidiwa zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata, nao waliitikia kwa nguvu zao wenyewe. Lililo adimu kusikika ni swali pacha. Ni nani atakayefanya kazi ndani ya kuta hizo, amefundishwa nini, na fedha za kumfundisha ziliombwa lini?

Ili kuelewa kwa nini swali la pili haliulizwi, inafaa kulifuata ombi lenyewe tangu linapozaliwa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini ombi huanza miezi mingi kabla. Chimbuko lake ni mkutano wa kijiji, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kutoka hapo hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, likafika halmashauri, ambako timu ya afya inayoongozwa na Mganga Mkuu wa Wilaya huliingiza katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Baraza la Madiwani hulipitisha, mkoa hulihakiki, kisha hupelekwa TAMISEMI na Hazina. Kila kituo cha safari hiyo kina ukomo wake wa bajeti, na kila mwenye kalamu amepewa pia mamlaka ya kukata.

Ombi la watumishi halipandi gari hilohilo. Halmashauri huandaa makadirio ya ikama, nayo hupelekwa kuombewa kibali cha ajira katika ofisi nyingine, kwa kalenda nyingine na hoja nyingine, kwa kuwa mishahara hulipwa na Serikali Kuu. Ndiyo maana jengo linaweza kukamilika na kupakwa rangi huku mkunga wake akiwa bado jina lisilokuwapo katika orodha yoyote. Ikama iliyotolewa kwa kipindi cha 2014 hadi 2019 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Aliyewahi kuzitembelea zahanati za vijijini hahitaji takwimu ili kujua umbali uliopo kati ya waraka huo na watu wawili au watatu awakutao pale, mmoja wao akiwa amekwenda semina. Kinachoumiza zaidi ni kwamba wapo vijana waliohitimu vyuo vya afya, wenye vyeti vya uuguzi na utabibu, wanaokaa nyumbani miaka wakisubiri tangazo la ajira. Zahanati haina muuguzi, na muuguzi hana zahanati.

Ombi la mafunzo lina njia ya tatu, na hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Jengo lina picha, lina jiwe la msingi na siku ya kukata utepe. Ajira mpya ina barua. Mafunzo yana kifungu kidogo katika matumizi mengineyo, na ukomo wa bajeti unapobana, mara nyingi kifungu hicho hukatwa mapema kwa sababu hakuna kijiji kitakachoandamana kukidai.

Haikuwa hivyo daima. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilipoafikiana na nchi za Nordiki kuhusu mradi wa Kibaha, ombi moja lilibeba shule ya sekondari, kituo cha kuwafunza wakulima na kituo cha afya, vyote mahali pamoja na chini ya uongozi mmoja. Mradi ulikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970, na kituo kile cha afya ndicho kilichokua kikawa Hospitali ya Tumbi, inayotumika leo kama hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Walioliandika ombi lile walilichukua suala la kumfunza mtu kazi na suala la kumtibu mtu kuwa jambo moja. Baadaye wizara zikatenganisha mafaili.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa waandaaji wa bajeti ulitokea jirani tu na Kibaha, Rufiji, na pia katika Wilaya ya Morogoro Vijijini. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada ilianzisha huko mradi uliofahamika kwa kifupi kama TEHIP. Swali lake lilikuwa rahisi: je, halmashauri ikipewa fedha kidogo zaidi, na ikipewa pia njia ya kujua watu wake wanakufa kwa nini, itaomba na kutumia tofauti?

Majibu ya awali yalikuwa ya kushtua. Takwimu za vifo zilizokusanywa kaya kwa kaya zilipowekwa kando ya bajeti ya mwaka 1996, ilionekana kuwa malaria ilisababisha takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali ilitengewa kama asilimia 5 tu ya fedha. Kifua kikuu kilisababisha chini ya asilimia 4 ya hasara hiyo, lakini kilitengewa asilimia 22. Hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya. Maombi yalikuwa yanafuata mazoea, na pia vipaumbele vya wafadhili wa miradi mbalimbali, yakinakiliwa mwaka hadi mwaka kama kadi ya mwaliko inayobadilishwa tarehe tu. Timu za wilaya zilipooneshwa mchoro sahili wa visababishi vya vifo, uliosomeka hata kwa diwani asiye mtaalamu wa afya, zilipanga upya mgawo wao zenyewe.

Kuna jambo moja la TEHIP ambalo halisemwi vya kutosha. Mradi ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Wilaya hazikuweza kuzitumia zote. Kiwango zilichomudu kilikuwa chini ya dola 1. Fedha zilikuwapo mezani, na mikono ya kuzipokea haikutosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyofuata ilikuwa kufundisha: kuzifundisha timu za wilaya kupanga na kusimamia, kuwafundisha waganga na wauguzi wa zahanati namna ya kumhudumia mtoto mgonjwa kwa ukamilifu wake badala ya kutibu dalili moja, na kuvipa vituo vya afya jukumu la kusimamia zahanati zilizo karibu ili msimamizi asisubiri gari kutoka makao makuu ya wilaya. Kuta nazo hazikusahauliwa, kwani wanakijiji walikarabati zahanati zao kwa gharama ndogo na nguvu zao wenyewe. Katika muda wa takribani miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Itakuwa kutia chumvi kudai kwamba mchoro na semina pekee vilileta hayo, maana vyandarua navyo vilikuwa vikienea, na mambo mengine yalikuwa yakibadilika. Hata hivyo, ni vigumu kuyapuuza.

Iwapo mafunzo yataombewa fedha, ni mafunzo ya namna gani? Hapa ndipo maombi mengi hukosea, hata yale yenye nia njema. Mtoto mmoja kati ya 10 hivi huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua mara azaliwapo. Kwa wengi inatosha kumkausha na kumsugua mgongo. Wachache huhitaji kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa ndogo, na hilo linapaswa kuanza ndani ya dakika ya kwanza. Dakika hizo zikipotea, mtoto hufa, au huishi na mtindio wa ubongo ambao familia itaubeba maisha yote. Kifaa chenyewe si cha gharama kubwa. Kinachokosekana ni mkono uliozoea kukitumia bila kutetemeka saa nane za usiku.

Mafunzo ya stadi hiyo yalijaribiwa katika hospitali 8 nchini Tanzania kuanzia mwaka 2009. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Idadi ya walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu muda mfupi baada ya kufa ilipungua pia, jambo linaloashiria kwamba baadhi ya waliokuwa wakiandikwa hivyo walikuwa bado hai, wakisubiri pumzi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliongeza funzo la pili, chungu kidogo. Watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja, na walipopimwa miezi kadhaa baadaye kwa kutumia mdoli, walifanya vizuri. Lakini katika chumba cha kujifungulia, mbele ya mtoto halisi, mwenendo wao haukuwa umebadilika. Hospitali ikabadili mkondo. Ikaanzisha mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, kwa mdoli uleule, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Baada ya hapo vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mbinu hiyo, ikiunganishwa na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto na mapitio ya takwimu za kituo, ilipelekwa baadaye katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, na utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikipungua.

Sasa na tuurudie mpango wa halmashauri. Mafunzo huombwa vipi humo? Kwa kawaida huombwa kama semina ya siku tatu au tano, katika ukumbi wa mjini, yenye ukodishaji wa ukumbi, chai, nauli na posho ya kujikimu. Mfumo wa bajeti unaitambua semina, kwa sababu ina risiti. Dakika 5 za kila Jumatatu kando ya meza ya kujifungulia hazina risiti, na hazina posho. Si ajabu kwamba zile zenye ushahidi mzito zaidi ndizo zisizoombwa. Mtumishi mwenye mshahara mdogo hawezi kulaumiwa kwa kuipenda semina. Anayepaswa kuulizwa ni mwenye kupanga.

Fursa mbili zimefunguka katika miaka ya karibuni. Ya kwanza ni ile ya mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vya kutolea huduma. Tangu hapo zahanati si mwombaji wa mbali tena. Kamati yake ya usimamizi hukaa, hupanga na huidhinisha. Mzigo wa hesabu umeongezeka, na muuguzi aliyesomea kuzalisha sasa hujikuta akijaza vitabu vya fedha hadi jioni, nalo ni hitaji la mafunzo ambalo halikufikiriwa vya kutosha. Ya pili ni mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila mtaa na kila kitongoji, wanaopewa mafunzo ya miezi 6 na kulipwa posho. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea, kila mradi ukiwa na wake, huyu wa malaria na yule wa kifua kikuu, wakipishana mlangoni pa kaya moja. Kwa vijana wa vijijini hii ni ajira iliyo pia huduma ya afya, na fedha zake zitahitaji kuombwa kila mwaka, muda mrefu baada ya sherehe ya uzinduzi. Mhudumu aliyefundishwa miezi 6 kisha akaachwa bila msimamizi atafanana na yule wa siku moja wa Haydom: atajua majibu ya mtihani.

Vikao vya kupanga bajeti ya mwaka ujao vitakapoanza vijijini, boma litatajwa tena, na litajwe. Pembeni yake unaweza kuandikwa mstari mwingine katika mpango wa zahanati inayozalisha, ukasomeka hivi: mazoezi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, dakika 5, kila Jumatatu kabla ya kliniki, wauguzi wote, msimamizi, muuguzi kiongozi wa kituo cha afya cha kata, mara moja kwa mwezi, nauli ya pikipiki, vifaa, mdoli mmoja na mfuko mmoja wa kupumulishia. Katika safu ya kiashiria, pale ambapo mipango mingi huandika idadi ya watumishi waliohudhuria semina, iandikwe idadi ya watoto waliozaliwa na idadi ya waliofika kesho yake wakiwa hai. Rejesta ya wodi ya uzazi tayari inazo namba zote mbili.