Kuinuka na Kuanguka kwa Ukoo wa Coucy

Vitabu vingi vinavyoeleza habari za makabaila wa Ulaya huzungumza kana kwamba ukubwa wao ulitokana na damu yao, na kuanguka kwao kulitokana na bahati mbaya. Maelezo ya namna hiyo hayamsaidii kada wala mwanafunzi. Tunapoichambua jamii yoyote hatuna budi kuuliza: Ni nani aliyemiliki ardhi? Ni nani aliyeilima? Na mazao yalikwenda kwa nani? Katika makala haya tutatumia maswali hayo kuuchunguza ukoo wa Coucy wa kaskazini ya Ufaransa.

Msingi wa nguvu zao

Coucy ni kilima kilicho karibu na miji ya Laon na Soissons. Mwishoni mwa karne ya 11 ngome yake ilikuwa mikononi mwa Enguerrand wa Kwanza. Wakati huo mfalme wa Ufaransa alikuwa na nguvu ndogo nje ya eneo linaloizunguka Paris. Kwingineko, mwenye ngome na askari wa farasi ndiye aliyekuwa serikali. Yeye alitoza, yeye alihukumu, yeye alinyonga.

Chini yake walikuwapo watwana. Mtwana hakuuzwa sokoni kama mtumwa, lakini alifungwa kwenye ardhi ya bwana. Alimlimia bwana bila ujira, alisaga nafaka yake katika kinu cha bwana kwa malipo, na hakuoa nje ya milki hiyo bila ruhusa. Akifa bila mrithi nyumbani mwake, mali yake ilichukuliwa na bwana. Jasho hili ndilo lililowalisha farasi na kununua silaha.

Mwana wa Enguerrand, Thomas wa Marle, aliitumia nguvu hiyo kwa ukatili na uporaji. Mwaka 1112 watu wa mji wa Laon walimwua askofu wao, Gaudry, kwa sababu alikubali kwa fedha wajitawale, kisha akaivunja ahadi. Thomas aliwapa hifadhi baadhi ya waasi. Tusidanganyike kwamba aliupenda umma; alikuwa akiwania mali na mamlaka na makabaila wenzake. Mfalme Louis wa Sita alimshambulia mwaka 1115, na tena mwaka 1130, ambapo Thomas alijeruhiwa, akatekwa na kufa.

Kilele

Karne ya 13 ndiyo iliyokuwa kilele cha ukoo huu. Enguerrand wa Tatu alijenga ngome mpya, na mnara wake mkuu ulipita urefu wa mita 50. Lakini mwaka 1259 mwanawe, Enguerrand wa Nne, aliwanyonga vijana watatu waliowinda sungura katika msitu wake. Mfalme Louis wa Tisa alimkamata, akakataa shauri liamuliwe kwa mapigano kama makabaila walivyozoea, akamtoza faini kubwa. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Vijana wale walikuwa watoto wa makabaila, na jamaa zao ndio waliodai haki. Hata hivyo shauri hilo laonyesha badiliko muhimu: serikali ya mfalme ilikuwa imeanza kuwanyang'anya mabwana wa ngome madaraka ya kuua na kuhukumu.

Migongano yaongezeka

Mwaka 1348 tauni ilienea Ufaransa ikaua watu wengi mno. Mashamba yakakosa wakulima. Juu ya hayo palikuwa na vita kati ya Ufaransa na Uingereza, na wakulima ndio waliotozwa gharama zake. Mei 1358 waliasi, wakachoma majumba ya makabaila. Mwezi Juni kiongozi wao, Guillaume Cale, alikamatwa na kuuawa. Enguerrand wa Saba wa Coucy, kijana wa miaka 18, alishiriki katika kuwasaka waasi.

Lakini upanga haukuweza kumlazimisha mtwana abaki shambani. Watwana wa Coucy walikuwa wakihamia kwingine wakawe huru. Mwaka 1368, miaka kumi tu baada ya maasi yale, Enguerrand huyo huyo alitoa hati ya kuwaweka huru watu wa miji na vijiji 22 vya milki yake, nao wakawajibika kumlipa kodi zilizopangwa. Hatuwezi kuuita huu kuwa ukarimu. Uhuru ule ulipatikana kwa miguu ya wakulima waliohama, na kwa hofu ya bwana kubaki na ardhi isiyo na mlimaji.

Kuanguka

Enguerrand wa Saba alimwoa binti wa mfalme wa Uingereza mwaka 1365, akapata vyeo katika nchi zote mbili. Mwaka 1396 alitekwa na Waturuki katika vita vya Nicopolis, akafa kifungoni Bursa mwaka 1397. Hakuacha mrithi wa kiume. Mwaka 1400 binti yake Marie aliiuza Coucy kwa Louis wa Orléans, ndugu wa mfalme, kwa livre 400,000. Mwaka 1498 mjukuu wa Louis akawa mfalme, na milki ikaungana na taji.

Funzo

Je, mkulima wa Coucy alikombolewa mwaka 1400? La. Alibadilishiwa bwana tu. Kodi ziliendelea. Hata mwaka 1652, serikali ilipoibomoa sehemu ya ngome ile, haki za kikabaila zilibaki. Zilianza kufutwa Agosti 1789, baada ya wakulima kuinuka nchi nzima, na zilifutwa kabisa bila fidia Julai 1793.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Ukoo waweza kufa kwa kukosa mrithi au kwa kushindwa vitani. Tabaka halifi hivyo. Lamalizika pale wazalishaji wanapouvunja uhusiano wa unyonyaji wenyewe. Anayehesabu majina ya mabwana walioondoka, bila kuuliza mazao sasa yanakwenda kwa nani, hajaanza bado kusoma historia.