Mashine ya kupolishi gari: tusiunguze pesa za likirimba



Wiki hii hatuongei juu ya sombe wala juu ya minerval ya watoto. Tunaongea juu ya mashine ya kupolishi gari. Msicheke. Vijana wetu wengi hapa Birere wanaosha magari na moto kandokando ya barabara. Mmoja wao akitaka mashine, pesa inatoka mfukoni mwa mama yake, ama katika kese yetu ya likirimba. Kwa hiyo ni jambo letu.

Mnakumbuka mkutano wa mwisho. Mama mmoja anayeuza sambaza alisimama kuomba mkopo kwa ajili ya mtoto wake. Nusu yetu tulinyamaza, kwa sababu tulishamkopesha mara moja. Dola 70 zilinunua mashine. Wiki ya pili kijana aliunguza rangi ya mlango wa gari la mteja mpaka chuma kikaonekana. Mwenye gari alidai mlango upakwe rangi upya, na mama akalipa kidogo kidogo kwa faida ya sambaza. Deni letu pia alilimaliza, hata franka moja haikubaki. Sasa kijana amekaa nyumbani, na mama hataki akae hivyo, maana tunajua mtaani vijana wanaokaa bure wanaitwa na nani.

Tulikubaliana kwamba kabla ya kusema ndiyo ama hapana, tujifunze. Tulienda kuuliza mafundi wa rangi garajeni, vijana wa lavaje, na wenye magazini ya vyombo. Kuuliza si ujinga. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Nta ni kinga, si dawa ya mikwaruzo

Kosa la kwanza la yule kijana halikuwa la mashine. Alichanganya vitu viwili. Nta inapakwa juu ya rangi ili gari ing'ae na maji yateleze, haiondoi mkwaruzo. Kitu kinachoondoa mkwaruzo ni dawa ya kukwangua, ambayo ndani yake mna chembechembe ndogo kama mchanga laini. Inafanya kazi kwa kupunguza rangi yenyewe.

Na rangi ya gari haina unene mwingi. Juu kabisa kuna verni, na mara nyingi verni hiyo ni nyembamba kuliko karatasi moja ya daftari la mtoto. Ukiikwangua bila kujua, hairudi. Kijana alipaka dawa ya kukwangua akidhani ni nta, akaiweka mashine ukingoni mwa mlango, mahali ambapo rangi ni nyembamba zaidi. Sekunde chache zilitosha.

Mashine ni za namna gani?

Ya kwanza inazunguka tu, kama gurudumu. Ina nguvu, na fundi wa rangi anaipenda kwa sababu inamaliza kazi haraka. Lakini ikikaa mahali pamoja inapasha rangi moto na kuiunguza. Ndiyo ile tuliyonunua.

Ya pili inazunguka na kutikisika kwa pamoja. Sahani yake haikushikwa kabisa na mota: ukiibonyeza kupita kiasi, inapunguza kuzunguka ama inaacha. Inamsamehe anayejifunza. Ni ya polepole zaidi, lakini kwa kupaka nta inatosha na kubaki. Anayeanza anunue hii.

Ya tatu ni ile kubwa ya duara yenye mikono miwili, inayovalishwa kitambaa kama kofia. Ni ya bei ndogo na haina nguvu. Kupaka nta inaweza, ingawa inatikisika zaidi kuliko inavyofanya kazi. Haitaondoa mkwaruzo, hata muuzaji akiapa.

Halafu kuna ujanja wa mtaani: kufunga sifongo kwenye mashine ya kukatia chuma. Tunawaomba wamama, mkatazeni mtoto. Mashine hiyo ndogo inazunguka karibu mara 11 000 kwa dakika, wakati mashine ya kupolishi inayozunguka tu haipiti sana mara 3 000, na kwa nta tunahitaji mwendo wa chini kabisa. Sifongo inaweza kupasuka na kuruka usoni, na rangi inaungua mara moja.

Mambo ya kutazama kabla ya kulipa

1. Geuza sahani kwa mkono, mashine ikiwa haina kuran. Kama inayumba, haikai katikati, na inazunguka huru, ni ile ya kutikisika. Kama iko katikati kabisa na unasikia mota inavutwa pamoja nayo, ni ile ya kuzunguka tu. Usiamini picha ya kwenye karto.

2. Soma kibandiko cha mashine. Kuran yetu ni ya volti 220. Mashine za okazyo zilizotoka Marekani ni za volti 110 ama 120. Ukiichomeka hapa, moshi ndio utakaokuonyesha kosa.

3. Soma wati. Kuran ikikatika, kijana atataka kutumia jenereta. Jenereta ndogo ya wati 650 haitabeba mashine ya wati 1 200. Tazameni vyote viwili kabla ya kununua kimoja.

4. Iwe na kigurudumu cha kupunguza na kuongeza mwendo. Mashine yenye mwendo mmoja tu, iacheni dukani.

5. Uliza sifongo za kubadilisha. Sahani ya milimita 125 ama 150 inapata sifongo kwa urahisi kuliko yenye kipimo cha ajabu. Mashine bila sifongo ni kama mbabula bila makaa.

6. Iwashwe mbele yako kwa dakika tano. Ushike kichwa chake: moto kidogo si shida, lakini harufu ya kuungua ni shida. Waya usiwe umekatwa na kuunganishwa kwa skochi. Omba fakture na uiweke pamoja na karatasi za nyumba.

Hesabu, kama tunavyofanya na watoto darasani

Tuseme mashine na sifongo zake ni dola 90. Tuseme mteja anaongeza dola 3 juu ya bei ya kuoshewa gari, na dola 1 inarudi kwenye nta na vitambaa. Inabaki dola 2. Ili kurudisha 90, kijana lazima apake magari 45. Akipata magari matatu kwa wiki, ni wiki 15. Akipata matano, ni wiki 9. Mkopo wetu ni wa wiki 12. Mmeona tofauti iko wapi? Iko kwa wateja, haiko kwa mashine.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukuambia: nta inapakwa vizuri hata kwa mkono. Tulimwona kijana mmoja akipaka gari zima kwa sifongo ndogo na kufuta kwa kitambaa laini. Ilichukua muda mrefu na mabega yalimuuma, lakini gari ilingara na mwenyewe alilipa. Mashine inaongeza mwendo wa kazi. Kazi yenyewe haiwezi kuileta.

Vumbi letu lisisahauliwe

Sisi tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita hapa hapa katikati ya mji, na mpaka leo tunaikanyaga na kuijengea. Vumbi lake jeusi ni gumu na lina ncha kama chupa iliyosagwa. Gari ikipigwa mashine kabla ya kuoshwa vizuri, kijana anaisugua kwa msasa. Kwa hiyo aioshe kwanza kwa maji mengi na sabuni, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Tunajua bei ya bidoni ya maji, lakini mlango mmoja wa gari ni bidoni ngapi?

Sifongo ikianguka chini, isirudi kwenye gari mpaka ioshwe. Kazi ifanywe kivulini, gari ikiwa imepoa. Mwendo uwe wa chini, nta iwe kidogo, mashine isisimame mahali pamoja. Plastiki nyeusi zifunikwe kwa skochi ya karatasi, maana nta ikikauka juu yake inaacha weupe. Pikipiki ipakwe kwa mkono. Haina nafasi ya mashine.

Na usalama: waya upite juu ya bega, mbali na maji. Kijana asimame mahali pakavu, avae miwani na viatu, asivae shali wala shati linaloning'inia. Akibadilisha sifongo, achomoe kwanza. Watoto wadogo wasikae karibu.

Tulichoamua kupendekeza

Tunapendekeza kese isimpe mama yetu dola 90 sasa. Impe 20, za nta, sabuni na vitambaa. Kwa hesabu ya juu, magari kumi yanazirudisha, na kwa magari matatu kila wiki ni chini ya mwezi. Kijana aandike kila gari katika daftari: siku, aina ya gari, pesa iliyoingia. Mwisho wa mwezi tutalisoma daftari hilo pamoja. Likionyesha magari matano kwa wiki, tutampa mkopo wa mashine ya kutikisika, na wawili kati yetu watamsindikiza dukani na karatasi hii mkononi. Likionyesha mawili, aendelee kwa mkono, na hakuna aliyeumia.

Tulipomweleza mama, hakufurahi mara moja. Alituuliza: «Mnaniogopa mimi, ama mnamwogopa mtoto?» Tulimjibu kwamba tunaogopa mlango wa pili. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema atanunua daftari yeye mwenyewe.

Mkutano ni siku ile ile na saa ile ile. Kila mmoja aje na sauti yake, ya ndiyo ama ya hapana. Na yule ambaye mtoto wake tayari ana mashine, aje nayo tuigeuze sahani kwa mkono.