Kufuli la Seva Likikataa: Pa Kutazama Kabla ya Kulitoa



Msimu uliopita, nikiwa katika kazi yangu ya ukaguzi, nilifika katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja jina. Vitabu vyake vilikuwa safi. Stakabadhi zilipangwa kwa namba, daftari la mizani lililingana na hati za mapokezi, na fedha za sandukuni zilitimia hadi shilingi ya mwisho. Ndipo nilipomwomba katibu anionyeshe jinsi orodha ya malipo ya wakulima inavyopelekwa kwenye seva ya kupokelea mafaili. Alifungua programu yake, nami nikaona kwamba mawasiliano yale yalikwenda wazi, bila ya kufungwa kwa maandishi ya fumbo.

Nilipomwuliza sababu, hakuficha. "Ndugu Mkaguzi," alisema, "siku ya malipo kufuli lilikataa, na wakulima walikuwa wamesimama mlangoni. Fundi alilitoa hapa na kule kwenye seva, faili likaenda. Tangu siku hiyo hatukulirudisha."

Siku hiyo ilikuwa imepita miezi minne. Kwa miezi minne majina ya wanachama, namba zao za akaunti, namba zao za simu na kiasi alicholipwa kila mmoja vilisafiri kama barua isiyo na bahasha. Sikuona dalili ya wizi, lakini hakuna daftari liwezalo kutuambia kama kuna mtu aliyesoma njiani. Ieleweke pia kwamba tarehe 1 Mei, 2023 ilianza kutumika nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za mwanachama si mali ya chama ya kutupwa ovyo, bali ni amana.

Makala haya yana jambo moja la kusema: kufuli likikataa, huwa na sababu, na sababu hiyo hupatikana kwa kufuata hatua kwa utaratibu. Kulitoa si kutengeneza.

KUFULI HILI NI NINI

Utaratibu wa kupelekeana mafaili uitwao FTP ni wa zamani. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1971, na yale yanayofuatwa mpaka leo yalitolewa mwaka 1985. Katika utaratibu huo wa asili kila kitu hupita wazi: jina la mtumiaji, neno la siri na faili lenyewe. Mtu yeyote aliyepenya katika mtandao wa njiani aweza kuvisoma.

Kwa sababu hiyo uliongezwa utaratibu wa kuyafunga mazungumzo kwa maandishi ya fumbo, uitwao TLS. Namna ya kuutumia pamoja na FTP iliwekwa rasmi mwaka 2005, na muungano huo huitwa FTPS. Katika seva za Linux, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii ni vsftpd, nayo ndiyo nitakayoitolea mifano.

Jambo moja halina budi kushikwa tangu mwanzo, kwani ndilo chanzo cha matatizo mengi. FTP hutumia njia mbili. Njia ya kwanza ni ya maagizo: hapo kompyuta yako na seva husalimiana, hutajiana jina na neno la siri, na huagizana kazi. Njia ya pili ni ya mzigo: hufunguliwa kila mara faili au orodha ya mafaili inapopelekwa, kisha hufungwa. Njia moja yaweza kuwa nzima na nyingine imeziba. Vivyo hivyo, njia moja yaweza kuwa na kufuli na nyingine haina.

HATUA YA KWANZA: JE, SEVA INAJIBU?

Tazama namna ilivyokataa. Ukipata jibu la kukataliwa papo hapo, kwa kawaida maana yake ni kwamba umeifikia mashine lakini hakuna programu inayosikiliza katika mlango ulioubisha. Huenda vsftpd imesimama, kwa mfano baada ya umeme kukatika. Fundi ataitazama kwa agizo la systemctl status vsftpd. Ikiwa hakuna jibu lolote na kompyuta inangoja tu, basi ama mtandao wenu haupo, ama ngome ya mtandao, yaani ulinzi unaochagua mawasiliano ya kupita na ya kuzuiwa, imeyazuia. Fungua kwanza kitu kingine cha mtandaoni. Kisipofunguka, tatizo liko kwenu wala si kwenye seva.

HATUA YA PILI: MLANGO NA AINA YA KUFULI

Kufuli la FTPS ni la aina mbili. La kwanza huombwa baada ya salamu: kompyuta hubisha mlango namba 21, huomba kufungwa kwa agizo la AUTH TLS, na seva ikikubali hujibu kwa namba 234. La pili hufungwa tangu neno la kwanza, na mlango wake wa kawaida ni namba 990. Seva iliyowekwa kwa aina moja haitaelewana na kompyuta iliyowekwa kwa aina nyingine. Kila upande utamngoja mwenzake aanze, au utasema kwamba umepokea maneno usiyoyatambua. Hakikisha kwamba programu yako imewekwa aina ile ile iliyoandikwa katika maelekezo ya seva.

HATUA YA TATU: CHETI NA SAA

Seva hujitambulisha kwa cheti, kama vile barua ya chama inavyotambulika kwa mhuri. Cheti kina jina na tarehe ya mwisho. Vingi havidumu zaidi ya mwaka mmoja, na vingine havizidi miezi mitatu. Kikiisha, programu yako itakataa au itaonya, nayo itakuwa imefanya kazi yake. Fundi aweza kukitazama kwa agizo hili, ambalo huonyesha pia toleo la TLS lililokubaliwa:

openssl s_client -connect jina-la-seva:21 -starttls ftp

Imewahi kutokea pia kwamba cheti kipya kimekwisha kuletwa, lakini vsftpd bado inaelekezwa kwenye faili la cheti cha zamani. Basi mstari wa rsa_cert_file katika faili la mipango, vsftpd.conf, utazamwe.

Kabla ya kulaumu cheti, tazama saa ya kompyuta yako. Betri ndogo iliyo ndani ya kompyuta ikifa, mashine huamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Hapo cheti kizuri huonekana kuwa bado hakijaanza kutumika. Nimeona ofisi ikipoteza asubuhi nzima kwa jambo ambalo dawa yake ilikuwa ni kurekebisha tarehe na kununua betri.

Programu ikikuuliza kama unakiamini cheti kipya, usibonyeze kukubali kwa mazoea. Mpigie fundi wa seva kwa namba unayoijua siku zote, akusomee alama ya utambulisho ya cheti, nawe uilinganishe herufi kwa herufi na ile iliyo mbele yako. Mhuri mgeni haupokelewi kwa sababu tu mleta barua ana haraka.

HATUA YA NNE: TOLEO LA TLS

Matoleo ya TLS 1.0 na 1.1 yaliondolewa rasmi katika matumizi mwaka 2021, kwa kuwa udhaifu wake ulikuwa umekwisha kujulikana. Toleo la 1.2 ni la mwaka 2008, na la 1.3 ni la mwaka 2018. Kompyuta yenye programu ya zamani mno yaweza kushindwa kuelewana na seva iliyosahihishwa, na ujumbe utasema kwamba kupeana mikono kumeshindikana. Dawa yake ni kuweka programu mpya katika kompyuta ya chama. Si sawa kuishusha seva irudie toleo bovu, kwani hapo wanachama wote watalindwa kwa kufuli la mmoja aliyechelewa.

HATUA YA TANO: JINA NA NENO LA SIRI

Jibu namba 530 lisomwe mpaka mwisho, kwa kuwa lina maana zaidi ya moja. Likisema Login incorrect, jina au neno la siri si sahihi, au akaunti hiyo hairuhusiwi. Likisema Non-anonymous sessions must use encryption, seva inakuambia kwamba umekuja bila kufuli nayo haitakupokea. Jibu hili la pili si kosa la seva. Huyo ni mlinzi aliye macho, na kinachotakiwa ni wewe uwashe kufuli katika programu yako.

HATUA YA SITA: NJIA YA MZIGO

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo yule fundi wa chama nilichokitembelea alipokata tamaa. Dalili yake ni hii: seva imejibu, cheti kimekubaliwa, neno la siri limepita, lakini orodha ya mafaili haitokei. Kompyuta hungoja mpaka ichoke. Kufuli likitolewa, mambo huenda vizuri. Mtu huona hapo kwamba kufuli ndilo bovu.

Sababu yake yaeleweka. Kwa kawaida seva huitajia kompyuta yako namba ya mlango ambao njia ya mzigo itapitia. Baadhi ya ngome za mtandao husikiliza mazungumzo ya njia ya kwanza, husikia namba hiyo, na kuufungua mlango huo. Mazungumzo yakifungwa kwa maandishi ya fumbo, ngome haiwezi kusikia tena, basi mlango hubaki umefungwa. Kufuli ni zima, ila ngome haikuambiwa.

Dawa ni kuchagua milango maalumu. Fundi ataandika katika vsftpd.conf, kwa mfano, pasv_min_port=40000 na pasv_max_port=40100, kisha ataifungua milango hiyo hiyo katika ngome ya seva. Ikiwa seva iko nyuma ya kifaa kinachogawa mtandao, yaweza kuwa inajitaja kwa anwani ya ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, ambayo ninyi wa nje hamwezi kuifikia. Hapo mstari wa pasv_address uwekewe anwani ya nje.

Jibu namba 522 lenye kutaja session reuse ni jambo jingine la njia hii. Seva inataka njia ya pili ithibitishe kwamba ni ya mtu yule yule aliyefungua ya kwanza. Jaribuni kwanza programu mpya zaidi. Kuiondoa sharti hiyo kwenye seva hakuondoi maandishi ya fumbo, lakini hupunguza ulinzi, kwa hiyo liwe shauri la mwisho na liandikwe katika kumbukumbu.

Mwisho, namba 553, isemayo kwamba faili halikuweza kuundwa, haihusiani na kufuli hata kidogo. Huo ni ukosefu wa ruhusa ya kuandika katika jalada la seva.

YA KUMWAMBIA FUNDI

Katibu anayesema "mtandao umekataa" hajamsaidia fundi. Andika katika daftari saa ya tatizo, namba na maneno ya ujumbe kama yalivyo, hatua uliyokwama, na kitu kilichobadilika tangu siku ilipofanya kazi. Kwa saa hiyo fundi ataoanisha na kumbukumbu za seva. Akihitaji habari zaidi za kufuli, aweza kuwasha kwa muda mstari wa debug_ssl=YES.

Je, siku ya malipo ikifika na tatizo halijaisha? Lifungeni faili lenyewe kwa neno la siri, kwa programu inayofunga kwa maandishi ya fumbo. Lichukuliwe kwa mkono, liandikwe katika daftari la makabidhiano na kutiwa sahihi pande zote mbili. Neno la siri lipelekwe kwa simu, kwa mpokeaji mwenyewe. Wakulima watangoja saa chache, lakini siri zao zitafika salama.

KUFULI LIRUDI

Chama ambacho kiliwahi kutoa kufuli kifanye mambo matatu. Kwanza, katika vsftpd.conf mistari ya ssl_enable, force_local_logins_ssl na force_local_data_ssl yote iwe YES. Huo wa tatu usisahauliwe, kwa kuwa bila ya huo neno la siri laweza kufungwa na orodha ya malipo ikapita wazi. Pili, maneno yote ya siri yaliyopita wazi yabadilishwe. Tatu, Kamati iarifiwe, na muhtasari uandikwe.

Katika ziara zangu za msimu huu, baada ya kuhesabu fedha za sandukuni, nitamwomba kila katibu afanye jaribio dogo mbele yangu: aunganishe na seva kwa makusudi bila kufuli. Seva ikimkataa, nitatia sahihi. Ikimpokea, tutaanza hatua ya kwanza pamoja.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika