Mkanda wa Punda na Gurudumu la Mbio

Kila mwenye punda hapa Thika na Ruiru ajua kazi ya mnyama huyu: maji, maziwa, majani ya ng'ombe na mahindi ya soko. Lakini ni wachache waangaliao jinsi anavyofungwa.

Asubuhi moja nilimkuta mkulima kando ya njia, punda wake amekataa kwenda. Alikuwa amefungwa nira ya ng'ombe, na begani pana kidonda kibichi. Maziwa yaliganda juani, na punda akakaa wiki tatu bila kazi. Mwenyewe alidhani ni uvivu wa punda.

Sababu ni hii. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo. Punda hana nundu. Nguvu zake zi kifuani. Wachina walilijua jambo hili zaidi ya miaka 2000 iliyopita, wakawafunga farasi mkanda mpana wa kifuani.

Gurudumu nalo lina habari yake. Miaka ya 1880 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Huko Marekani watu hushindanisha farasi wakikokota kigari chepesi cha mtu mmoja. Mwaka 1891 mbio bora ya maili moja ya farasi wa mwendo wa troti ilikuwa dakika 2 na sekunde 8¼. Mwaka 1892 kigari kilitiwa magurudumu ya baiskeli yenye upepo, na farasi jike Nancy Hanks akamaliza kwa dakika 2 na sekunde 4. Wepesi wa gurudumu ulimsaidia sana.

Sisi hatushindani mbio, lakini faida ni ile ile. Basi fanyeni hivi:

1. Mkanda wa kifuani uwe mpana kama vidole vinne, wa turubai au ngozi laini, usibane koo. Waya na kamba nyembamba hukata.
2. Mikono ya mkokoteni ibebwe na mto mgongoni, si na uti wa mgongo.
3. Weka mkanda wa nyuma ya mapaja, usaidie kuzuia mzigo mteremkoni.
4. Panga mzigo usawa juu ya ekseli, na tairi zijae upepo.
5. Kila jioni mfungue, pangusa jasho, angalia ngozi.

Punda hasemi. Kidonda ndicho kinachomsemea, na kikisema, wewe umekwisha pata hasara.