Kadi ya kulinda imeili ya biashara yako

Vijana wangu wa parachichi na mboga za kuuza nje, leo tuache mbolea kidogo. Ankara zenu zinapita kwenye imeili. Mwizi akiingia humo hagusi hata tunda moja. Anabadilisha tu namba ya akaunti ya benki kwenye ankara, mnunuzi analipa, mzigo umeenda na hela imeenda.

Wengi mnaniambia, "Mimi natumiwa namba ya uthibitisho kwa SMS." Sawa, ni bora kuliko nenosiri peke yake. Ila mtu akifanikiwa kurudisha laini yako kwa jina lako, namba hizo zinaingia kwake. Na ukiziandika kwenye ukurasa feki, umempa mwenyewe.

Ndiyo maana nashauri kadi ya FIDO2. Inafanana na ya benki, ina chipu. Unaandika nenosiri, kisha unaigusisha kadi nyuma ya simu yenye NFC. Siri iliyo ndani ya chipu haitoki, na inajibu tovuti ile tu uliyoisajili. Ukurasa feki, hata ufanane vipi, hauambulii kitu.

Kwanza hakikisha simu yako ina NFC na imeili yako inakubali kadi hizi. Nunua mbili, sajili zote. Moja tembea nayo, nyingine ifungie nyumbani kama mbegu ya msimu ujao. Ya kwanza ikipotea shambani, ingia kwa ya pili uifute. Mwisho, ondoa njia ya SMS kwenye akaunti hiyo. Ukiiacha, mwizi atapita hapohapo.