Vesi, Korasi na Koda

Jioni moja hapa Tandale tulikuwa tukiwafundisha waimbaji wetu wimbo mpya. Tukasema, "Haya, vesi ya tatu." Vijana wakaanza ubeti wa tatu, mama mmoja mtu mzima akafungua Biblia, akautafuta mstari wa tatu. Vijana wakacheka, naye akaona haya, akaenda kuketi nyuma. Kosa lilikuwa letu. Neno hilo la Kiingereza lina maana zote mbili, mstari wa Biblia na ubeti wa wimbo, nasi tulilitamka pasipo kulieleza.

Tangu siku ile twasema ubeti. Korasi nayo hutatiza vivyo hivyo, kwa kuwa kwa Waingereza ni kundi la waimbaji, tena ni sehemu irudiwayo baada ya kila ubeti. Sisi tunalo neno kiitikio, litokalo katika kuitika: mmoja aita, wote waitika, hata mtoto ajua zamu yake. Wimbo wetu wa Taifa, ambao tuni yake ilitungwa na Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, una beti mbili, na kila ubeti una kiitikio chake.

Soprano, alto, tena na besi zimekwisha kuwa zetu. Hizo tumeziacha zilivyo. Ila koda, yaani kimalizio cha wimbo, Waingereza wenyewe walilikopa kwa Waitalia, na maana yake ni mkia! Yule mama aliposikia hayo alicheka sana, akarudi safu ya mbele.